Kikombe Ulichomiminiwa

Kuna swali la maadili ambalo limenikaa akilini kwa muda mrefu: je, ukarimu ambao mtu hawezi kuukataa bado ni ukarimu? Nimelitafutia jibu mahali ambapo msomaji huenda asitarajie, yaani katika desturi za Wajapani za kunywa pombe. Mimi si mnywaji. Lakini aliyelea walimu wanafunzi kwa miaka mingi huzoea kutazama mikono ya watu mezani, maana hapo ndipo hujulikana nani mkubwa na nani mdogo.

Pombe yao ya asili, sake, hutengenezwa kwa mchele uliopikwa kwa mvuke, maji, hamira, na kuvu maalumu waitwao koji. Koji huugeuza wanga wa mchele kuwa sukari, na papo hapo, katika pipa lile lile, hamira huigeuza sukari hiyo kuwa kileo. Nguvu yake ni kama asilimia 15. Ipo pia shochu, ambayo hutoneshwa kama gongo letu, na huko Kagoshima hutokana na viazi vitamu. Mwezi Desemba 2024 UNESCO iliutia ufundi huo wa koji katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, na kwa haki kabisa.

Hata hivyo, kinachonivutia zaidi ni chakula. Mjapani hapendi kunywa bila kutafuna kitu. Ukiketi katika izakaya, yaani kilabu chao, aghalabu utaletewa kibakuli ambacho hukukiagiza (na utakilipia), kisha maharage machanga ya soya yaliyochemshwa na maganda yake, mishikaki ya kuku, samaki mbichi, mboga zilizovundikwa kwa chumvi. Yapo hata matumbo ya ngisi yaliyochachushwa, ambayo ningemwachia mwenyeji wangu kwa heshima zote. Vyakula hivi huitwa sakana. Neno hilo kwa asili ni kitoweo cha sake, lakini kwa kuwa kitoweo hicho mara nyingi kilikuwa samaki, hatimaye likawa ndilo jina la samaki mwenyewe. Watu wa pwani yetu hawatashangaa, kwani kwao pia ukisema kitoweo, samaki ndiye wa kwanza kufikiriwa.

Sasa tuitazame mikono. Adabu ya huko ni kwamba mtu hajimiminii. Humtazama mwenzake, na kikombe cha mwenzake kikipungua humwongezea; naye mwenzake hufanya vivyo hivyo. Mdogo humimina kwa mikono miwili na hupokea kwa mikono miwili. Ni desturi nzuri, maana inamfundisha mtu kuangalia haja ya jirani kabla ya yake. Lakini kikombe kinachojazwa kila kikipungua hakina mwisho, na chupa ikiwa mkononi mwa bosi, nani atasema basi?

Shaka hii si ya leo. Kenko, mtawa wa Kibuddha wa karne ya 14, katika kitabu chake Tsurezuregusa, alistaajabia watu wanaoona raha kumlazimisha mwenzao kunywa hadi augue. Lakini hapo hapo alikiri kwamba pombe ina utamu wake usiku wa mbalamwezi au asubuhi ya theluji. Sayansi imeongeza uzito wa lawama yake. Zaidi ya theluthi moja ya Wajapani wamezaliwa na miili isiyoweza kuivunja sumu ya pombe upesi. Uso huwaiva, moyo hupiga mbio, na wakizoea kunywa, hatari ya saratani ya umio huwa kubwa kwao kuliko kwa wengine. Kumjazia mtu kama huyo kikombe kwa tabasamu ni kumdhuru. Wajapani wenyewe sasa wana neno la kuilaani tabia hiyo, aruhara, yaani unyanyasaji wa pombe.

Wapo wanaotetea kwamba bila pombe, katika kazi zenye vyeo vingi namna ile, mdogo asingethubutu kamwe kusema ya moyoni. Sikubali. Mbona hata wakilewa ni mdogo yule yule anayeendelea kuishika chupa? Kwangu mimi ukarimu wa kweli wa meza ile umo katika vibakuli. Mla maharage hahesabiwi amekula mangapi, na asiyekunywa ana kitu cha kushika mkononi na sababu ya kuketi na wenzake.

Kenko huyo huyo anasimulia kisa cha Hojo Tokiyori, mtawala wa Kamakura, aliyemwita jamaa yake Nobutoki usiku kwa sababu kunywa peke yake kulimtia upweke. Kitoweo hakikuwapo, na watumishi walikuwa wamelala. Nobutoki akawasha taa, akapekua jikoni, akapata miso kidogo kwenye kisahani. Tokiyori akasema yatosha, wakanywa kwa furaha. Wengi hukitaja kisa hiki kama mfano wa urafiki usio na makuu, nami nakipenda. Ila nisikifiche kipande kimoja. Nobutoki alichelewa kwa kuwa hakuwa na vazi la kufaa, na mjumbe akatumwa mara ya pili: aje upesi, na vazi lolote alilo nalo.