Hasira Inamwangukia Nani?

Kwenye World of Warcraft mimi ni mwindaji. Nina upinde, nina mnyama anayenitii, na kazi yangu ni kusimama mbali. Tunakutana saa nne usiku za hapa Morogoro, ambazo huko Ulaya ziliko seva zetu ni saa mbili usiku wakati wa baridi. Tukiwa watu ishirini na kitu tunaingia kwenye ngome yenye dubwana ambalo hakuna hata mmoja wetu anayeliweza peke yake. Shughuli hiyo wachezaji wanaiita reidi.

Kwa msomaji ambaye gemu kwake ni mpira tu, mgawanyo wa kazi uko hivi. Mmoja au wawili wanasimama usoni kwa dubwana na kula kipigo. Hao ni matanki. Wachache ni waganga, wanarudisha uhai wa wanaoumia. Waliobaki ni wapigaji, na wapigaji tuko wa aina mbili: wenye panga na majambia wanaong'ang'ania miguu ya dubwana, na sisi wa mishale, moto na laana, tunaopiga kutoka yadi arobaini nyuma.

Mwenzangu mmoja wa kazini alinitazama nikicheza, akauliza: “Kwa hiyo kaka, mwenzako anachapwa kule mbele, wewe umejibanza nyuma unatupa mishale? Huo si uoga?” Alikuwa anatania, lakini swali lenyewe ni la zamani na ni la haki. Anayepiga bila kupigwa ana deni gani, na analilipa kwa nani?

Jibu la fundi lipo. Mtandao wangu unatoka chini ya Milima ya Uluguru, unakwenda Dar es Salaam, unazama baharini, unaibukia Ulaya na kurudi. Mtu wa Frankfurt anaona dubwana likiinua mkono kabla yangu. Anayepigana karibu lazima aruke kwa sehemu ya sekunde. Aliye mbali anasamehewa uchelewaji wake. Kwa hiyo mchezaji wa Morogoro anayechagua upinde anaishi tu kulingana na kebo. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za SEACOM na EASSy zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, nchi nzima ilionja jinsi maisha yetu ya mtandaoni yanavyoning'inia kwenye nyuzi chache. Mawasiliano yakikukatikia katikati ya reidi, mhusika wako hatoweki mara moja. Anabaki amesimama kwa muda, upinde mkononi, hapumui, na wenzake hawajui kama yupo au hayupo.

Picha hiyo wapenzi wa fasihi mnaijua tayari. Katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Fumo Liyongo anakufa hivyohivyo: amepiga goti karibu na kisima, mshale umo upindeni, na watu wa mji wanakosa maji kwa siku kadhaa kwa sababu hakuna anayethubutu kumsogelea maiti. Shujaa mkubwa kuliko wote katika utenzi wa Kiswahili ni mpiga mishale. Sijawahi kusikia mtu akimwita mwoga.

Tena tazama nani aliyemuua. Mwanawe, aliyelala naye nyumba moja, akamchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini, baada ya kuahidiwa mke na cheo. Aliyemdhuru Liyongo alikuwa karibu kuliko wote. Kwa hiyo wanaosema ujasiri ni kukaribia wana kazi ya kutueleza sindano ile.

Wagiriki walikuwa na dharau zaidi kwa upinde. Kwenye Iliad ya Homer, Paris anampiga Diomedes mshale wa mguu, na Diomedes badala ya kulia anamtukana kwa kuwa mpiga upinde tu. Lakini shairi hilohilo lina Teucer, na Teucer ndiye babu yetu sisi wa nyuma. Anajificha nyuma ya ngao ya kaka yake Ajax, anachungulia, anaachia mshale, anarudi haraka kwenye ngao kama mtoto kwa mama. Hector anapomvunja kwa jiwe, Ajax anasimama juu yake na kumfunika hadi wenzao wambebe. Homer haoni aibu yoyote hapo. Anachokionyesha ni kwamba mishale ya Teucer na ngao ya Ajax ni silaha moja yenye miili miwili.

Hapo ndipo naona umbali wenyewe si hoja. Hoja ni ngao, yaani nani anailipia nafasi yako salama, na kama amekubali kuilipia.

Gemu linaliweka jambo hili wazi kwa namna ambayo maisha hayaliweki. Dubwana lina daftari. Kila mshale unaolipata unaandikwa kama hasira dhidi ya aliyeupiga, na dubwana humgeukia yule mwenye hasira nyingi kuliko wote. Tanki hapigi sana. Ujuzi wake ni kujazia jina lake kwenye daftari hilo. Ukiitazama vizuri, kazi yake ni kuchukiwa kuliko sisi wote ili sisi tusionekane. Nikipiga kwa pupa kabla hajajijengea hasira ya kutosha, dubwana linamwacha, linanifuata mimi, na njiani linakanyaga waganga. Kwa hiyo maadili ya kwanza ya mpigaji wa mbali ni ya kujizuia: subiri, anza taratibu, acha ukiambiwa acha.

Sasa, mwindaji ana ujuzi mmoja ambao nimeufikiria zaidi ya nilivyoufikiria mtihani wowote wa chuo. Ukiuwasha, kwa sekunde chache hasira ya mishale yako inaandikwa kwa jina la mtu mwingine uliyemchagua. Kwa lugha ya mtaani ni kusingizia. Umepiga wewe, anadaiwa yeye. Na tanki anakushukuru! Tanki wetu ni muuguzi wa huko Poland, na kabla ya kila pambano tunamsikia kwenye spika akisema nimtupie yeye, kwa sababu hasira yangu inamsaidia kuanza kazi yake. Sasa geuza upinde. Ujuzi uleule, mishale ileile, ukimtupia mchawi aliyevaa kanzu nyepesi na ambaye hakuomba, amekufa kabla hajauliza kuna nini. Wapo wanaofanya hivyo kwa kujifurahisha. Tendo halijabadilika hata chembe; kilichobadilika ni kama mwenzako alijua, na kama ana kifua cha kubeba.

Kuna tukio la kweli linaloonyesha jinsi madhara yanavyosafiri. Septemba 2005, dubwana aitwaye Hakkar alikuwa akiwaambukiza wachezaji ugonjwa wa damu uliomrukia yeyote aliye karibu. Ugonjwa ulikusudiwa ubaki humo ndani ya ngome. Lakini wawindaji waliwaondoa wanyama wao uwanjani wakiwa wameambukizwa, kisha wakawaita tena katikati ya miji. Wachezaji wachanga, ambao hata mlango wa ngome hawakuwahi kuuona, walianguka barabarani. Mwaka 2007 wanasayansi Eric Lofgren na Nina Fefferman waliliandikia tukio hilo kwenye jarida la The Lancet Infectious Diseases, kwa sababu lilifanana mno na jinsi watu halisi wanavyobeba magonjwa halisi. Mimi linanigusa kwa sababu nyingine: wenye wanyama wale huenda hawakufikiria kama kuna mtu kwenye upande wa pili wa safari yao.

Halafu kuna jedwali. Mwisho wa kila pambano programu inapanga majina kwa wingi wa madhara waliyosababisha kwa sekunde, na sisi wapigaji tunaangalia kama wanafunzi wanaoangalia matokeo ukutani. Jedwali halionyeshi mbaya wake. Sisi wa mbali, kwa kuwa tunaweza kupiga tukiwa popote, ndio tunaotumwa vibarua: kasimame kwenye duara la moto ili lisilipuke, peleka sumu hiyo pembeni, vuta wale wadogo wasiwafikie waganga. Kila hatua ya kibarua inakushusha kwenye jedwali. Nimeona watu wakisimama tu na kuendelea kupiga, namba zao juu, timu nzima chini sakafuni, nao wanabandika jedwali ili tuone nani alijitahidi.

Nimesema nimeufikiria sana ujuzi ule wa kutupia hasira, na sababu ni kazi yangu. Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja kwa risasi na kwa picha: vyote tunapiga. Nilianza uandishi nikiwa mwandishi wa mkoani, wale wa kulipwa kwa habari iliyotoka, na katika mkoa huu habari haikosi: wakulima na wafugaji, Kilosa, Mvomero. Siku moja nilituma habari yenye maneno ya pande zote mbili, nimepima kila neno. Mhariri aliyekuwa Dar es Salaam akaipa kichwa kilichouita upande mmoja wavamizi. Kichwa kizuri kwa kuuza gazeti. Asubuhi kimetoka, chini yake jina langu, na mimi nilikuwa na miadi kwenye kijiji kilekile, nikiwa nyuma ya bodaboda, bila ngao wala mganga. Mshale wake, hasira yangu. Yeye siku hiyo alikuwa juu kwenye jedwali la habari zilizosomwa sana.

Mtu atasema mwandishi wa mkoani naye ni tanki, alichagua kazi. Hapo ndipo mfano wa gemu unapoanza kunipa shida, na sitaki kuupaka rangi. Muuguzi wetu anaweza kuzima kompyuta akalala. Akisema nitupie mimi, ameshajua dubwana linapiga kwa nguvu gani na waganga wangapi wako nyuma yake. Anayelipwa kwa habari iliyochapishwa, kodi ya chumba ikimsubiri, akiulizwa “tukiweka kichwa hiki sawa?” atasema sawa hata kama si sawa. Ridhaa ya namna hiyo ni nusu ridhaa. Sijui niiite nini, ila najua si ile ya kwenye spika.

Siku hizi mimi ndiye ninayehariri, nyumbani, dirisha likitazama mawingu ya Uluguru, na wa kule mbele ni vijana wengine. Habari ya mgogoro haiondoki kabla sijampigia aliyeiandika na kumsomea kichwa, neno kwa neno, nikiwa nimemwambia mapema kwamba malipo yake hayategemei jibu. Mara nyingi anasema poa. Mwezi uliopita mmoja alinyamaza kidogo, nikasikia pikipiki zikipita upande wake, halafu akasema, “Kaka, kesho nina kazi pale mnadani. Hicho kichwa mimi siendi nacho.” Tukakaa dakika ishirini tukitafuta kingine.