Mwenye Ulimi Mzito Ndiye Aliyetumwa



Kijana mwenzangu, katekista akikugeukia Jumapili na kusema, "Leo somo la pili ni lako," mwili wako unajibu nini? Mate yanakauka, magoti yanalegea, na ghafla unamkumbuka mwenzako "anayesoma vizuri kuliko mimi." Hapa Ulemo wengi wetu tuna sababu moja zaidi: lafudhi. Umekua ukiongea Kinyiramba nyumbani, basi unaogopa Kiswahili chako kitachekwa.

Fungua Kutoka sura ya 4. Musa anatumwa kwa Farao, naye anajitetea kwamba si msemaji, ulimi wake ni mzito. Sasa angalia jibu la Mungu. Anamkumbusha ni nani aliyeumba kinywa cha mwanadamu, anaahidi kuwa pamoja naye, kisha anampa kaka yake Haruni. Hatusomi popote kwamba siku ile ulimi wa Musa ulinyooka. Alitumwa na woga wake! Hata Mtume Paulo anawakumbusha Wakorintho kwamba alifika kwao akitetemeka (1Kor 2:3). Mtakatifu Thoma wa Akwino naye anafundisha kwamba shujaa ni yule anayeshikilia jema hata hofu inapombana.

Tunao mfano wa karibu. Mei 1886, Kabaka Mwanga wa Buganda alimuuliza kijana Denis Ssebuggwawo alikuwa akifanya nini na Mwafu. Denis alijua hasira ya mfalme, lakini akajibu wazi: alikuwa akimfundisha dini. Jibu fupi, halina mbwembwe, likamgharimu uhai. Tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake 21.

Sisi tunaombwa dakika mbili tu mimbarini. Lakini dakika hizo ni nzito. Benchi la nyuma huenda ameketi bibi asiyejua kusoma. Neno la Mungu atakaloondoka nalo ni lile utakalomsomea wewe. Mfikirie yeye unapopanda. Woga hukua tukijitazama wenyewe. Hupungua tukimwona mwenye njaa ya Neno.

Basi tuanze kidogo kidogo. Kwenye Jumuiya, mbele ya watu wachache wanaokujua, omba kusoma Injili au kutoa tafakari fupi. Jumamosi lisome somo lako kwa sauti mara tatu, na majina magumu muulize katekista. Mtafute Haruni wako: rafiki atakayeketi mbele na kukutazama kwa upole. Ukifika mimbarini, vuta pumzi, subiri watu watulie, ndipo uanze. Ukikosea neno, lirudie taratibu, songa mbele.

Na wewe unayecheka lafudhi ya mwenzako, kumbuka Pentekoste: Roho Mtakatifu aliwafikia watu kila mmoja kwa lugha yake. Kicheko chako kinaweza kufunga kinywa ambacho Mungu amekifungua.

Tuombe: Ee Bwana uliyeumba kinywa changu, wewe unajua ninavyotetemeka. Nitume hivi hivi nilivyo, ukae nami, ndugu zangu wakusikie wewe. Amina.

Mtakatifu Denis Ssebuggwawo, utuombee.