Namba ya Siri na Haki ya Mwenzio

Katika vibanda vya fedha za simu, Jinja hata Mbale, wapo wateja wasiojua kusoma ambao humkabidhi wakala simu zao na kumtajia namba ya siri. Husema, "Huyu namwamini." Je, kuaminiana huko ni wema mtupu?

Namba ya siri ni ufunguo wa hazina. Ukishikwa na wawili, fedha zikipotea, hata asiye na hatia atashukiwa. Basi amtwishaye mwenziwe siri hiyo hakumheshimu, bali amemweka katika njia ya tuhuma.

Wakala naye ana wajibu. Daftari lake lina majina na namba za watu. Likiachwa wazi mezani, kila apitaye atasoma. Sheria ya Uganda ya Kulinda Taarifa na Faragha, ya mwaka 2019, yataka taarifa za mtu zisitumiwe ila kwa jambo lililosababisha zikusanywe. Lakini sheria haikai kibandani.

Nasi walimu tuna letu. Tumfundishapo mtu mzima kusoma, tutangulize tarakimu, ili siri yake aibonyeze kwa kidole chake mwenyewe.