Je, Nguo Yaweza Kusema Uongo?

Kijana mmoja niliyepata kumsomesha alinijia baada ya sala ya Isha akiwa na swali ambalo alidhani nitalijibu kwa neno moja. Alikuwa ameingia katika biashara ya kuuza vidonge vya lishe, ile ambayo mtu hulipa ada ili aingie, kisha hupata fungu kwa kila anayemwingiza. Wakubwa wake walimshauri aazime saa ya thamani, apigwe picha kando ya gari la mtu, na picha hizo azitume kwa jamaa zake pasipo maelezo yo yote. "Maalim," akasema, "sikusema kwamba gari ni langu. Sikufungua kinywa. Je, nimesema uongo?"

Ndugu msomaji, usilidharau swali hili. Ikiwa uongo ni neno lisilo la kweli litokalo ulimini, basi kijana huyu yu safi. Lakini kama uongo ni kupanda katika moyo wa mwenzio jambo ambalo wewe mwenyewe wajua kwamba silo, basi ulimi ni chombo kimoja tu miongoni mwa vyombo vingi. Nami nilimwuliza: kama jamaa zako wangalijua kwamba gari ni la mwingine, je, picha ile ingalikuwa na kazi gani? Akanyamaza. Kitu ambacho manufaa yake yote hufa pindi ukweli unapojulikana, hicho kimetengenezwa ili ukweli usijulikane.

Yapo mafundisho ya wazi juu ya jambo hili. Imesimuliwa katika Bukhari na Muslim kwamba mwanamke mmoja alimwuliza Mtume Mtukufu s.a.w. kama itakuwa dhambi kumwonyesha mke mwenziwe kwamba mume amempa vitu ambavyo kwa hakika hakumpa. Mtume s.a.w. akamjibu kwamba mwenye kujionyesha kuwa anacho asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo. Tazama jinsi jibu lilivyoutaja uongo kuwa ni vazi! Yule mwanamke hakuwa akimwibia mwenziwe hata senti moja. Alitaka tu kumwumiza roho. Basi itakuwaje kwa yule ambaye vazi lake limekusudiwa kumfungua mwenziwe mkoba?

Wala mtu asidhani kwamba dini yachukia nguo nzuri. Mtume s.a.w. amefundisha kwamba Mwenyezi Mungu hupenda kuona athari ya neema Yake juu ya mja Wake. Fundi cherehani akivaa koti aliloshona vema, koti lile ni ushahidi wa kweli wa kazi yake. Lakini saa ya kuazima ni ushahidi wa nini?

Hila hii si mpya. Mwaka 1967, huko Orlando katika jimbo la Florida, Glenn W. Turner, mtoto wa mkulima maskini wa South Carolina, alianzisha kampuni ya vipodozi iliyoitwa Koscot Interplanetary, kisha akaanzisha nyingine, Dare to Be Great, iliyouza masomo ya kumtia mtu moyo wa kufanikiwa. Aliyetaka daraja ya juu alilipa hadi dola 5,000. Shauri la ile ya pili lilipofika mbele ya Mahakama ya Rufani ya Marekani mwaka 1973, majaji walieleza waziwazi jinsi watu walivyofundishwa: waonekane matajiri kabla ya kuwa matajiri; wanunue gari jipya na nguo za kung'aa hata kwa mkopo; na watembee na fedha nyingi mfukoni, za kukopa ikibidi, ili zionekane. Makusudi yake yalikuwa kumlainisha mgeni kabla hajafika mkutanoni. Majaji wakaona kwamba kilichouzwa hasa hakikuwa masomo, bali nafasi ya kuwauzia wengine mpango uleule. Mwaka 1975 Tume ya Biashara ya Marekani ikatoa hukumu juu ya Koscot, ambayo mpaka leo hutumika kuupambanua mpango wa namna hii: mtu hulipia haki ya kupata malipo kwa kuingiza watu, malipo yasiyotokana na bidhaa kuuzwa kwa mtumiaji.

Wenye biashara hizi wanalo jibu, nalo lina sura ya dini, ndiyo maana huwateka watu wema. Husema: "Huu si uongo, ni imani. Naonyesha nitakavyokuwa kesho." La hasha! Mwenye imani husema, "Natumaini Mungu atanipa," na msikilizaji hujua kwamba anasikia tumaini. Huyu husema kwa saa na gari, "Nimekwisha pewa." La kwanza ni dua, na la pili ni ushahidi, na ushahidi wa mambo yasiyokuwapo twajua jina lake.

Sasa tuseme kwamba gari ni lake kweli. Je, hapo amesalimika? Mimi naona hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Chukua hesabu ndogo: kila mtu aingize watu 6. Ukifika daraja ya 13 utahitaji watu zaidi ya bilioni 13, nao hawapo duniani. Na po pote mnyororo utakapokatikia, kila watu 6, kama 5 watakuwa katika mstari wa chini, wasio na mtu chini yao. Basi ikiwa fedha zatoka kwa wanaoingia, gari la yule wa juu ni ada za hao 5 zilizotiwa magurudumu. Ni la kweli, na bado lamdanganya mtazamaji, kwa kuwa lamwambia, "Nawe utapata," hali hilo lenyewe limepatikana kwa wale wasiopata.

Watumishi wa Tume hiyohiyo walichunguza taarifa za mapato za kampuni 70 za namna hii, na mwaka 2024 wakaeleza kwamba wengi wa washiriki walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, tena nyingi za taarifa hizo hazikutoa gharama zao. (Upatu wa kina mama zetu wa pwani ni jambo jingine kabisa: kila mmoja hutoa sawa na wenziwe, hungoja zamu, na hakuna apataye zaidi ya alichotoa. Inasikitisha kwamba jina lake limepewa mambo haya.)

Kurani Tukufu yatusimulia habari za Karuni, aliyewatokea watu wake katika mapambo yake. Mali ilikuwa yake. Hata hivyo wenye kuitamani dunia walitamani kuwa kama yeye, na waliopewa elimu ndio waliowaonya, kabla ardhi haijammeza.

Kijana akaniuliza afanye nini. Nikamwambia kwamba toba ya haki ya mtu haitimii kwa istighfari peke yake. Shurti arudishe alichochukua. Walioingia kwa picha zake walikuwa watatu, mmoja wao ndugu aliyeingia katika Uislamu mwaka uleule, ambaye alitoa ada ya chuo kwa sababu, alisema, hakudhani Mwislamu atamdanganya. Ada yote ilikuwa imekwenda kwa kampuni ila fungu dogo. Kijana alirudisha fungu lile, akaahidi kulipa yaliyosalia kidogo kidogo kutoka katika mshahara wake, kisha akawaandikia wote watatu kwamba gari lile halikuwa lake. Wawili walimjibu kwa hasira. Yule ndugu mpya alijibu siku ya nne, akisema kwamba amemsamehe, lakini dada yake amekwisha ingia kupitia kwake, naye hajui atamwambiaje.