Kiapo cha Bagamoyo

Mwandishi wa riwaya ya mapenzi ya Kikristo akiuchagua mji mdogo wa pwani kama Bagamoyo, bila shaka kanisani ndiko atakakofungia hadithi: arusi, kengele, bahari. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni hapo mwaka 1868. Waliwakomboa watoto watumwa kwa fedha, wakawalea, na walipokua wakawaozesha na kuwapa makazi katika kijiji cha misheni. Bibi arusi aliulizwa kama anaridhia. Angekataa, angekwenda wapi? Kwao ni bara, mbali, na njia ya kurudi ndiyo ile ile ya misafara iliyomleta. Huenda alimpenda mumewe. Wengine, naamini, walipendana kweli. Ila ridhaa ya asiye na pa kwenda tuiite nini? Riwaya inayokomea kwenye kiapo hailigusi swali hilo. Mimi ningependa kumsoma asubuhi ya pili, anapokwenda kuteka maji.