Uuguzi ni Fardhi ya Kifaya

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maradhi na akateremsha dawa yake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zangu Waislamu, alinijia mtu mmoja wa kwetu pwani, aliyehamia machimbo ya dhahabu ya Geita kutafuta riziki. Akaniambia: "Mke wangu alijifungua usiku kambini, damu ikamtoka isikatike. Zahanati ilikuwa karibu, lakini muuguzi wa zamu alikuwa mwanamume, nami nikakataa asimguse. Nikatuma watu wakamtafute mkunga mwanamke. Alipofika, mke wangu amekwisha kufa. Je, Sheikh, nimeihifadhi sheria au nimeivunja?"

Nilinyamaza kitambo. Kwani miaka mingi nimesomesha mlango wa kutazama na kugusa, na mara nyingi nikaufunga kabla ya kufika maneno ya dharura. Huenda mtu kama huyu aliondoka darasani kwangu na nusu ya mas'ala.

Basi isikizeni nusu ya pili. Wanavyuoni wa madhehebu yetu wamesema: mwanamke mgonjwa atibiwe na mwanamke Mwislamu, akikosekana huyo, mwanamke asiyekuwa Mwislamu hutangulizwa mbele ya mwanamume wa kando, na wakikosekana wanawake, mwanamume huyo atamtibu, mumewe au maharimu wake akiwapo, wala hapafunuliwi ila pale penye haja. Utaratibu huu umewekwa ili uhifadhiwe uhai na sitara pamoja. Mwenye kushika sitara akaacha uhai hakuishika hukumu, bali ameikata. Na damu ya uzazi haingoji: yaweza kumuua mama kwa muda wa saa mbili, na aghlabu kinachomwokoa ni sindano na mkono wa mtu aliyefunzwa.

Amepokea Abu Daud kwa Jabir kuwa mtu mmoja alipasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akakoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwahesabu kuwa ndio waliomuua, akawalaumu kwa kutouliza hali hawajui. Tazameni, ndugu zangu: hawakumpiga kwa upanga, walimpiga kwa fatwa.

Lakini mas'ala hayakuishia hapo. Nilimwuliza yule bwana: "Una binti?" Akasema: "Ninao watatu." Nikasema: "Yupo katika hao uliyemruhusu kusoma uuguzi?" Akainamisha kichwa, akasema: "Mmoja alitaka, nikamkataza. Niliiona ni kazi ya aibu, kukesha zamu na kugusa wagonjwa wasio wake."

Hapa ndipo ilipo ila yetu sote. Twataka wake zetu wahudumiwe na wanawake Waislamu, na binti zetu twawazuia wasiwe hao wanawake. Mkunga huyo atoke wapi?

Imam Ghazali, naye ni Shafi kama sisi, katika Ihyau Ulumid-Din ameuhesabu utabibu kuwa ni fardhi ya kifaya: wakipatikana wa kutosha, dhambi huwaondokea wengine, wasipopatikana, mji mzima una dhambi. Naye alilalamika, yapata miaka 900 iliyopita, kuwa wanafunzi wamesongamana katika fiqhi, na katika miji mingine tabibu Mwislamu hapatikani. Na imepokewa kuwa Imam Shafi mwenyewe, aliyefariki Misri mwaka 204 wa Hijra, alisikitika kwa Waislamu kuupoteza utabibu, akauhesabu ni theluthi ya elimu. Huko Kolandoto, Shinyanga, wamisheni walijenga hospitali zamani, na leo papo chuo cha afya. Hatuwalaumu kwa jema walilolitenda. Tujilaumu kwa jema tuliloliacha.

Na mwenye kusema ni kazi ya aibu, na amsome Bukhari. Rubayyi binti Muawwidh alitoka vitani pamoja na Mtume (s.a.w.) na wanawake wenziwe, wakiwanywesha watu maji na kuwatibu majeruhi. Na Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaki, mwaka wa 5 wa Hijra, aliwekwa katika hema la Rufaida, mwanamke aliyekuwa akiuguza majeruhi. Basi binti yako ana sitara kuliko hao?

Na haja ya machimboni ni kubwa. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamagasa huvuta vumbi la mawe, likamharibu mapafu, kifua kikuu kikapata njia. Na dawa yake kwa kawaida hunywewa miezi sita. Anayemfuata kibandani asiiache ni muuguzi. Dhahabu huchanganywa na zebaki, kisha ikachomwa, na moshi wake humdhuru mtoto tumboni. Anayemwonya mja mzito asiukaribie ni muuguzi.

Basi yatupasa mambo matatu. Kwanza, mwenye mke mja mzito ampeleke hospitali siku zake zikikaribia, asingoje usiku wa damu. Pili, tusimzuie binti anayetaka uuguzi, bali tumtafutie chuo chenye sitara. Tatu, katika sadaka na wakfu zetu liwemo fungu la ada za mabinti hao, kama lilivyomo fungu la mikeka na taa.

Nikamjibu yule bwana: "Hukukusudia kuua. Tubu kwa Mola wako, naye ni Mwenye kusamehe. Na katika toba yako, mfungulie njia binti yako." Akalia. Nami nikaahidi mbele yake kuwa darasa yangu haitaishia tena nusu ya mlango.

Ewe Mola, warehemu mama zetu waliokufa wakizaa, na utusamehe tulichokificha katika elimu, na tulichokisema pasipo elimu. Amin. Wallahu aalam.