Mfupa wa Mtu Mwingine

Soma Mwa. 50:24, 25, Kut. 13:19. Kwa nini mifupa ya Yusufu ilibebwa safari ndefu kiasi hicho?

Mwaka 1949 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilianzisha benki ya tishu huko Bethesda, Maryland. Katika benki za namna hiyo mfupa uliotolewa na marehemu huoshwa, uboho na mafuta huondolewa, hukaushwa kwa baridi kali, na mara nyingi vijidudu huuawa kwa mionzi. Daktari huuweka penye pengo, na mfupa wa mgonjwa huota taratibu ndani yake.

Twaamini kwamba wafu hawana ufahamu (Mhu. 9:5), na kwamba Mungu aliyetuumba kwa mavumbi hahitaji mifupa iliyohifadhiwa ili atufufue. Je, basi, anayeosha mfupa ule ameshika kitu tu? Wengine wetu tumekuwa wepesi mno kujibu ndiyo. Musa hakumjibu Yusufu hivyo, ingawa aliyeapisha alikuwa amekwisha kufa zamani.

Mtoaji hawezi kuona jinsi kipawa chake kinavyotunzwa. Mgonjwa naye amelala kwa nusukaputi. Katikati yao yupo mfanyakazi, peke yake na maji yanayotiririka.

Ungependa mtu huyo aamini nini kuhusu mwili wa mwanadamu?